Namna ya Kuchagua Intaneti ya Nyumbani kwa Kuangalizia kwa Jirani

Sogea karibu, maana mengine nitakayokuambia hayaandikwi kwenye vipeperushi. Umehamia nyumba mpya, iwe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, na kabla hujafungua katoni ya vyombo, kijana aliyevaa fulana ya kampuni amekwisha kubisha hodi. Kesho atakuja mwenzake wa kampuni nyingine na karatasi za rangi nyingine. Wote wawili wanauza intaneti, simu ya mezani na televisheni kwa waya mmoja, na kila mmoja anaapa kwamba kasi yake haina mpinzani.

Pokea karatasi, shukuru, funga mlango. Usizisome. Kuchagua kampuni ya intaneti ni mtihani, lakini ni mtihani ambao msimamizi ametoka nje na majibu yako kwenye daftari la mwenzako wa kushoto. Ukijifungia chumbani kukariri istilahi utapata jibu la kitabuni. Ukiangalizia kwa jirani utapata jibu la mtaa wako, na hilo ndilo linalosahihishwa. Kampuni ileile inaweza kuwa malaika katika mtaa mmoja na balaa katika mtaa wa pili, kwa sababu ubora wako unategemea mita chache za mwisho: nguzo yako, ngazi zako na fundi wa eneo lako.

Basi tuibe majibu kwa ustaarabu. Hatua ni kumi.

Hatua ya 1: Tazama juu kabla ya kutazama bei

Toka nje, simama barabarani, inua macho. Nyaya nyembamba nyeusi zinazopita kwenye nguzo ndizo orodha yako ya kampuni. Fuata kila waya hadi ukutani. Utakuta visanduku vidogo vya plastiki vimefungwa ngazini au karibu na mita za umeme, na vingi vina jina la mwenyewe. Visanduku vitatu, kampuni tatu. Kampuni isiyo na kisanduku ifute, hata kama tangazo lake linakuliza machozi. Wakala akisema "tunafika huku mwezi ujao," mwambie mwezi ujao mtazungumza.

Kisha nenda kwa keateka, yaani mtunza jengo. Mtu huyu anajua mtandao wa jengo lako kuliko makao makuu ya kampuni yoyote, kwa kuwa ndiye anayewafungulia mafundi geti. Usimrukie na shida yako. Msalimie, ulizia maji, ulizia watoto, halafu teremsha swali: "Mzee, mafundi wa kampuni gani wanapanda sana ngazi hizi?" Akikutajia kampuni moja na majina ya mafundi wake watatu, uliza ni nyumba ngapi zinaitumia. Nyumba ishirini na fundi anaonekana mara mojamoja, hiyo ni kampuni nzima. Nyumba mbili na fundi haondoki, umeshajua.

Muulize pia kama mwenye nyumba amepatana na kampuni moja tu kuingia humo. Majengo mengine yako hivyo. Ikiwa lako ni mojawapo, mtihani umekwisha. Ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2: Ingia kwa jirani saa tatu usiku

Usiende asubuhi. Asubuhi kila kampuni ni nzuri, maana watu wako kazini na watoto wako shule. Saa tatu usiku ndipo mechi, tamthilia, michezo ya watoto na simu za video kwa ndugu walioko Doha na Muscat vinagombania waya mmoja.

Na waya kweli ni mmoja. Faiba nyingi za nyumbani hutumia mfumo uitwao GPON: uzi mmoja wa kioo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushuka na 1.25 za kupanda, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Kampuni huuza ikijua kwamba hamtatumia nyote kwa wakati mmoja. Saa tatu usiku mnatumia nyote kwa wakati mmoja.

Chukua maandazi ya moto, usiende mikono mitupu. Omba nenosiri la waifai, kaa karibu na ruta, fungua fast.com kwenye simu yako. Huo ni ukurasa wa Netflix wa kupima kasi, hauhitaji kusajiliwa. Namba kubwa itakayotokea ni kasi ya kupakua. Bonyeza sehemu ya maelezo zaidi uone na ya kupakia. Andika vitu vitatu: jirani analipa shilingi ngapi, aliahidiwa kasi gani, na umeona kasi gani. Jirani aliyelipia Mbps 20 akapata 18 ana kampuni. Jirani aliyelipia 40 akapata 9 ana risiti.

Na usimuulize kamwe "hii kampuni ni nzuri?" Aliichagua mwenyewe, ataitetea kama mtoto wa kuzaa. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ilikatika lini, na ilirudi baada ya siku ngapi?" Hapo majivuno hayana pa kujificha. Atakumbuka hata siku ya juma.

Rudia zoezi kwa jirani wa pili. Wawili wakikubaliana, funga daftari.

Hatua ya 3: Jua hesabu moja tu

Kampuni huuza kasi kwa megabiti. Simu yako hupima mafaili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Gawanya kwa nane, umehitimu. Kifurushi cha Mbps 10 hukupa megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti moja itashuka kwa dakika kumi na tatu na ushei. Itaje hesabu hii mara moja mbele ya mashemeji na utaitwa injinia maisha yako yote.

Sasa unahitaji Mbps ngapi? Netflix wenyewe wanashauri 5 kwa picha safi ya 1080p na 15 kwa picha ya 4K. Mkutano wa video ulio mzuri kabisa hula kama 4. Hebu hesabu nyumba yenye pilikapilika: baba ana mpira, mama ana mkutano, watoto wawili wana katuni, kila mmoja na skrini yake. Haifiki 20. Ongeza kidogo kwa ajili ya simu zinazojisasisha zenyewe mfukoni, na 30 zinatosha familia nzima pamoja na mgeni aliyekuja wiki moja akakaa mwezi.

Najua unataka 500. Unataka kuitaja namba hiyo ofisini mbele ya yule mwenzako mwenye 200. Nakuelewa kabisa, na dawa ninayo: nunua 30, na ukiulizwa jibu "sisi tuna faiba," kisha badilisha mazungumzo. Swali la pili huwa haliji. Tofauti ya bei itakufaa katika hatua ya 5.

Hatua ya 4: Mtoe wakala jasho kwa maswali matatu

Umeshajua kampuni unayoitaka. Sasa mwite wakala wake, mkaribishe kiti, na uulize maswali matatu kwa sauti ya mtu anayejua majibu tayari.

La kwanza: "Kioo kinaingia mpaka sebuleni, au kinaishia mtaani halafu naletewa waya wa shaba?" Mitandao iliyojengwa kwa ajili ya televisheni ya waya, kama ule ambao Zuku ilianza nao Nairobi, hufikisha faiba mtaani na kumalizia safari kwa waya mnene wa shaba wa televisheni. Unafanya kazi vizuri, ila una tabia zake, hasa umeme ukikatika, kama utakavyoona punde.

La pili: "Kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua?" Ukifanya kazi nyumbani, ukifundisha kwa video au ukituma picha za harusi kwa wateja, kupakia ndiko kunakokulisha, na vipeperushi hutangaza kupakua tu.

La tatu, na hili uliseme taratibu: "Kuna kikomo cha matumizi ya haki? Ni gigabaiti ngapi kwa mwezi, na nikizipita kasi inashuka hadi ngapi?" Neno "bila kikomo" kwenye tangazo mara nyingi lina kikomo kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini. Wakala anayejibu kwa namba, mshike. Anayejibu "usijali, bosi," anza kujali.

Kisha hila yenyewe: "Kijana wangu, hebu niandikie hayo kwenye WhatsApp nimwonyeshe mwenzangu." Ahadi ya mdomoni hubaki kwenye kochi wakala anapoinuka. Ahadi iliyoandikwa hubaki kwenye simu yako. Kama huna mwenzi, hakuna neno. Wakala hadai cheti cha ndoa.

Na uwe na heshima. Kijana huyo anashinda juani akipanda ghorofa baada ya ghorofa kutafuta kamisheni. Mpe maji baridi. Aliyepewa maji husema ukweli zaidi.

Hatua ya 5: Uliza giza likiingia itakuwaje

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Umeme ukikatika mtaa mzima, intaneti inabaki?

Faiba inayoingia mpaka ndani inaweza kubaki. Kile kigawanyaji cha njiani, kinachougawa uzi kwa nyumba zenu, ni kioo kitupu. Hakitumii umeme hata chembe. Mwanga unatoka kituo cha kampuni, ambako kuna betri na jenereta, hadi kwenye kisanduku chako. Kinachozimika ni kisanduku tu, nacho hula wati kama kumi. Nunua betri ndogo ya ruta, zile UPS ndogo za volti 12 zinazouzwa madukani pamoja na chaja za simu, hakikisha volti na plagi vinalingana na ruta yako, na utaendelea kutazama tamthilia kwa saa kadhaa huku Kenya Power au TANESCO wakitafuta waya ulioanguka. Mtaa mzima utakuwa gizani, wewe uko mtandaoni. Hakuna kasi ya Mbps 500 inayompa mtu heshima kama hiyo.

Waya wa shaba wa televisheni ni habari nyingine. Njiani una vikuza-mawimbi vinavyohitaji umeme. Kampuni isipoviwekea betri, mtaa ukizima na mtandao unazima, hata ukiwa na betri tano sebuleni. Ndiyo maana ulimuuliza wakala lile swali la kwanza.

Hatua ya 6: Chukua simu ya mezani ikiwa ya bure, uikatae ikiwa na bei

Wazee wetu hawakuwa na mtihani huu. Kenya ilikuwa na Shirika la Posta na Simu peke yake mpaka lilipovunjwa mwaka 1999, likazaa Telkom Kenya, Posta na mdhibiti wa sekta. Ulijaza fomu ya laini, ukangoja. Lakini simu ile ya waya wa shaba ilikuwa na sifa moja kubwa: ilibeba umeme wake, volti 48 kutoka kituo cha simu, kwa hiyo ililia hata nyumba ikiwa gizani. Baadaye wezi wa shaba walizigeuza nyaya hizo kuwa biashara, na simu za mkononi zikamaliza kazi.

Simu ya mezani unayouziwa leo pamoja na intaneti hupita ndani ya ruta. Umeme ukikatika na huna betri, nayo imekufa. Kwa hiyo usiitegemee kwa dharura. Simu ya mkononi yenye chaji ndiyo ya kupigia 999 au 112.

Ina faida gani basi? Ina sura. Kadi ya biashara yenye 020 ya Nairobi, 041 ya Mombasa au 022 ya Dar es Salaam inamwambia mteja kwamba una dawati, una kiti, na hujaanza jana. Ukiwa na zahanati, duka la vipuri au ofisi ya wakili nyumbani, ichukue. Vilevile kama unakaa na bibi ambaye anaamini kwamba simu ya kweli ina waya. Wengine wote, mwambie wakala: "Ikiwa ya bure iache, ikiwa na ada iondoe."

Televisheni ni hivyohivyo. Usihesabu chaneli, kwa sababu mia na hamsini kati yake hutazifungua kamwe. Taja vipindi vitatu mnavyotazama kweli nyumbani, pamoja na ligi mnayoifuata, na uliza kama vimo. Kimoja kikikosekana, nunua intaneti peke yake.

Hatua ya 7: Uliza habari za bahari na za anga

Ukitaka kumnyamazisha kila mtu chumbani, uliza: "Mna njia ngapi za kutoka nchini?" Ni swali la majivuno, lakini lina uzito wa kweli.

Intaneti yetu huja kwa mikongo iliyolazwa chini ya bahari. SEACOM na TEAMS ziliwashwa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Mikongo hukatika. Februari 2012 meli iliyotia nanga nje ya bandari ya Mombasa iliukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, kampuni yenye njia nyingine huwahamishia wateja wake huko. Yenye njia moja huwatumia ujumbe wa pole.

Na ikiwa hatua ya 1 ilikuonyesha nguzo tupu, tazama juu zaidi. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023, na setilaiti zake zinaruka kilomita kama 550 tu kutoka ardhini, ndiyo maana hazina ule uchelewaji wa setilaiti za zamani zilizoko kilomita 35,786. Kwa shamba, kambi ya watalii au shule ya mbali ni neema. Kwa mjini tulia kwanza: Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilijaa, na ikafungua tena mwaka uliofuata. Anga nalo lina foleni. Na kisahani cha Starlink cha kupokea mawimbi hula makumi ya wati, kwa hiyo betri ndogo ya hatua ya 5 haitakibeba.

Hatua ya 8: Mpendeze fundi

Sikiliza hapa kwa makini. Kampuni ni nembo ukutani. Fundi ndiye kampuni. Siku atakayokuja kukuunganishia, uwe nyumbani, uwe na chai, uwe na muda.

Atataka kuiweka ruta mlangoni, kwa kuwa hapo ndipo waya wake unaishia na ana nyumba nne zinamngoja. Kwa upole mkatalie. Ruta ikae katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi, wala isifichwe nyuma ya televisheni. Waifai ina masafa mawili: ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini ni ya polepole, ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka ikikutana na ukuta. Ukikaa Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa, kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa zitaimaliza kabisa. Dai waya uvutwe hadi chumba unachokitumia, au panga ruta ya pili tangu mwanzo.

Kabla hajaaga, mwinamishe pamoja nawe mbele ya kisanduku na umwombe akufundishe taa. Ni somo la dakika moja. Taa iliyoandikwa PON ikiwaka kijani bila kupepesa, kioo kinaongea na kituo. Taa ya LOS ikiwa imezima, mambo ni shwari. LOS ikipepesa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umepinda sana au umechomoka, na kuzima na kuwasha ruta mara ishirini hakutausaidia.

Lishike hilo, maana lina malipo. Ukipiga simu kwa huduma kwa wateja ukasema "intaneti haifanyi kazi," utaambiwa uzime, uwashe, usubiri, upige tena. Ukisema "LOS inapepesa nyekundu na PON imezima tangu saa kumi na mbili jioni," aliye upande wa pili ananyoosha mgongo. Anajua fundi lazima atoke. Umeruka foleni kwa sentensi moja.

Mwisho, badilisha nenosiri alilokuwekea, lile la waifai na lile la kuingilia mipangilio ya ruta, na umwombe namba yake ya simu. Mtumie salamu sikukuu ikifika. Gharama ni ujumbe mmoja tu, na faida utaiona siku waya utakapong'olewa na tingatinga la barabara.

Hatua ya 9: Lipa kama mtu anayeweza kuondoka kesho

Utapewa punguzo ukilipia mwaka mzima. Tabasamu, ulipie mwezi. Usifunge ndoa na kampuni kabla hujapita nayo msimu mmoja wa masika, maana kati ya Machi na Mei ndipo matawi huangukia nyaya, mitaro hufurika na nguzo huinama. Iliyovuka Mei bila kukuliza inastahili kufikiriwa.

Uliza ruta ni ya nani. Mara nyingi ni ya kampuni, na utakapohama wataidai. Ipige picha siku ya kwanza ikionyesha namba yake, na siku ya kuirudisha usitoke bila karatasi ya mapokezi.

Unataka bei ipungue au kasi ipande? Piga simu siku chache kabla ya mwezi kwisha, wakati pesa yako ingali mfukoni. Sema kwa sauti laini: "Nimekuwa nafikiria kuhama, wenzenu wana kisanduku hapahapa ngazini." Halafu nyamaza. Ukimya ufanye kazi. Usigombe na aliyepokea simu, kwa sababu hakupanga bei yeye, ila mara nyingi ana ofa moja ambayo hapaswi kuitaja kabla hujaiomba.

Huduma ikikatika, kila lalamiko lipewe namba, na namba uiandike pamoja na tarehe na saa. Kampuni ikikupiga danadana, peleka orodha hiyo kwa mdhibiti: Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, TCRA kwa Tanzania, ambako pia lipo baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma za mawasiliano. Watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe. Wewe una namba, tarehe na saa. Walio wengi wana hasira tu.

Hatua ya 10: Waache na wengine waangalizie kwako

Sasa umetulia. Una kampuni, una betri, una fundi, na watu wameanza kukuuliza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu ya yaleyale majivuno niliyokuonya juu yake katika hatua ya 2. Mtu akikuuliza, unataka kusema ulichagua vizuri kuliko wote. Usiseme hivyo. Mpe namba.

Fungua kundi la WhatsApp la jengo, na ikiwa halipo lianzishe. Mara moja kwa mwezi, saa tatu usiku, pima kasi na uandike: kampuni, kifurushi, bei, kasi iliyoonekana, na lini ilikatika. Waombe na wengine waandike. Baada ya miezi michache mtakuwa na kitu ambacho hakuna tangazo linaloweza kukishinda, na siku mtandao utakapozima, watu thelathini watapiga simu ndani ya saa moja wakitaja taa ileile nyekundu. Mteja mmoja akilalamika, anaandikwa na kuambiwa asubiri. Jengo zima likilalamika, gari la mafundi linatoka.

Hili nalisema bila mzaha wowote. Kampuni hizi zina pesa, wanasheria na mabango ya barabarani. Sisi tuna ngazi moja, keateka mmoja na uhodari wa kupashana habari. Zinatushinda pale tu kila mmoja anapoteseka kimya ndani ya mlango wake akidhani shida ni ruta yake. Kwa hiyo andika majibu yako kwa herufi kubwa, yawe ya kweli, na daftari uliache wazi.